Chupa ya Chai Isiyozoea Wageni

Usiku wa kuamkia leo niliota barua ya posa imeniponyoka mkononi ikaingia ndani ya kochi.

Kabla sijaendelea, nieleze barua yenyewe, maana hiyo ni ya kweli. Iliwasili juzi ikiwa imefungwa kwenye leso nyeupe, kutoka kwa watu wa Mombo, upande wa kijana anayeitwa Hizza. Anamposa Mwantumu, mtoto wa marehemu kaka yangu Kilua. Kaka alipofariki binti alikuwa na miaka sita, nikamlea mimi, baba yake mdogo. Kwa hiyo leo saa kumi jioni, ukoo wetu na ukoo wao wakishakaa, atakayefungua bahasha na kuisoma kwa sauti ni mimi.

Hapo ndipo penye tatizo. Mimi naitwa Mhina, fundi makochi wa hapa Korogwe, nina miaka hamsini na mbili, na kusoma kwangu ni kwa kubahatisha. Herufi nazijua. Ukinionyesha moja moja nitakutajia zote bila kukosea. Zikishajipanga mstari mzima ndipo zinaponivuruga. Nikifika katikati ya neno nimeshasahau lilivyoanza. Siri hii anaijua Mwantumu peke yake, hata mke wangu haijui. Tangu yuko darasa la pili amekuwa akinisomea kila kitu, karatasi za dawa, ujumbe wa wateja kwenye simu, matangazo ya serikali ya mtaa. Ananisomea mara moja, nayashika maneno yote kichwani, kisha mbele za watu nainua karatasi na kuigiza. Mtaani wanasema Mhina anasoma kama mtangazaji wa redio.

Barua hii ndiyo pekee asiyoweza kunisomea, kwa sababu ni ya kwake. Inaletwa imegundishwa, na ikikutwa imefunguliwa kabla ya kikao, posa imekufa. Tena watu wa Mombo wana kawaida yao nyingine. Msomaji akikwama mara tatu, wanahesabu kwamba wenye binti wanakataa kwa adabu. Hawakasiriki. Wanakunja leso yao, wanaaga vizuri kabisa, na hawarudi tena.

Jana jioni Mwantumu alinifuata karakana, akafunga mlango, akanipa shauri. Alfajiri atachemsha maji, tuipitishe bahasha juu ya mvuke mpaka gundi ilegee, anisomee, tuigundishe upya. Nani atajua? Nilimwambia nitalala kwanza, nitampa jibu asubuhi. Nikalala peke yangu sebuleni, barua chini ya mto.

Sasa ndoto.

Ni mchana. Niko karakana, mbele yangu kochi la watu watatu ambalo nimelivua kitambaa. Barua iko mkononi mwangu. Inajinyonganyonga, inachupa, inateleza katikati ya mto na mgongo wa kochi, pale wanapopotezea watu vitana na rimoti.

Naingiza mkono mpaka kwapani, sigusi kitu. Futi kamba iliyoko shingoni mwangu inaniambia nisijisumbue. Lile shimo ni futi mbili kwenda chini na maili moja kwenda mbele. Nimeitumia futi hiyo miaka kumi na tisa na haijawahi kunidanganya hata robo inchi, kwa hiyo navua viatu, naingia.

Ndani kuna springi, kisha sponji, kisha baraza la nyumba. Sponji ni la hali ya chini sana. Najiuliza ni fundi gani aliyeweka sponji la namna hii, halafu nakumbuka kwamba nimekuja kutafuta barua.

Barazani kuna foleni ya watu. Imetoka mlangoni, imezunguka nyumba, imerudi dirishani. Mwanzo wa foleni, juu ya stuli, imekaa chupa ya chai, zile za zamani zenye maua mekundu. Imevaa kofia ya kushonwa kwa mkono, na mbele yake kuna daftari la wageni.

"Natafuta barua," naiambia.

"Karibu mgeni," inasema chupa. "Za utokako? Za safari? Njia ilikuwaje? Nyumbani hawajambo? Mvua imenyesha huko?"

Mimi nimelelewa na mama aliyekuwa akisimama na kila mtu njiani mpaka amalize kuuliza habari za mbuzi. Nami ndivyo nilivyo. Mke wangu akitaka chumvi hunituma kabla hajawasha moto. Basi naijibu chupa yote, moja baada ya jingine, nami nauliza ya kwake, tunamaliza. Inanimiminia chai. Ni nzuri, ina tangawizi.

Nauliza hapa ni wapi. Inanijibu ni kichwani kwangu, nyuma kidogo ya sikio la kushoto, mahali pa kupokelea sauti. Kila sauti inayoingia hupitia hapa kwanza. Ikishatambuliwa hupelekwa chumba cha ndani, ikakae na wenzake mpaka wawe neno. Nageuka, naona ukutani picha ya mama yangu akiwa kijana, ile iliyopotea tulipohama. Basi nakubali kwamba ni kichwani kwangu, ingawa sielewi nimeingiaje huko kwa kupitia kochi la mteja.

Barua yenyewe iko pembeni, imekaa kwenye kigoda na leso yake begani. Naishika. Inaniambia kwa upole niiachie, haijafunguliwa na haina mpango wa kufunguliwa kabla ya saa kumi. Wageni wote waliopo kwenye foleni, inasema, ni wa jina langu tu, Mzee Mhina, lililoandikwa juu ya bahasha.

"Na waliomo ndani ni wangapi?"

"Elfu moja na mia kadhaa," inasema bahasha. "Lakini ukiwatazama vizuri hawafiki thelathini. Ni walewale. Wanatoka mlango wa nyuma wanazunguka."

Sielewi. Nakaa kwenye kona ya mkeka, natazama kazi inavyokwenda.

Wa kwanza anayeitwa ni M. Ni jamaa mnene sana, midomo kaifumba, anaguna taratibu kama jenereta la jirani. Chupa inamuuliza atokako, inamuuliza safari, inamuuliza mvua. Inamwandika ukurasa mpya, inampa chai, inamsindikiza mpaka mlango wa ndani. Anaingia mwingine. Kisha anaingia E, mama mmoja mwenye meno mazuri, anatabasamu tu. Naye anaulizwa yote, anaandikwa, anakunywa, anapita. Mara moja anarudi tena kwa mlango wa mbele, tabasamu lilelile, hata kikombe hajakiweka chini.

"Karibu mgeni," inasema chupa, inafungua ukurasa mpya. "Za utokako?"

"Huyu katoka sasa hivi," nasema. "Kikombe chenu kiko mkononi mwake."

Chupa inamtazama E kwa makini, kuanzia miguuni mpaka kwenye ushungi. Inatazama na kile kikombe.

"Simfahamu," inasema. "Samahani mama. Huyu bwana ni mgeni pia. Njia ilikuwaje?"

E ananitazama kwa huruma, anaanza kueleza njia. Wakati huo M amerudi, yuko mlangoni anahema. Anakaa pembeni yangu, mkeka unainama upande wake. Kwa sauti ya chini ananiambia amekuwa akija hapa tangu nilipoanza darasa la kwanza, na hakuna siku aliyopokelewa kama mtu anayejulikana.

"Unadhani unene huu nilizaliwa nao?" anasema. "Ni chai."

Namuuliza mbona nikizungumza na watu nawaelewa vizuri, na utani wao naujibu haraka kuliko mtu yeyote mtaani. M anasema hilo ni rahisi. Watu wakizungumza, sauti zinakuja kwa ukoo, zimepanda gari moja, na anayeshuka kusalimia ni mkubwa wao tu. Ukianza kusoma, gari linasimama mbali, kila mmoja anashuka peke yake na mzigo wake, anataka kupokelewa. Hapo ndipo chupa inapoelemewa.

Nataka kumuuliza zaidi, lakini foleni yote inajinyoosha. Amekuja Mwalimu Kaniki.

Mwalimu Kaniki alinifundisha darasa la tatu mara mbili, kwa sababu nililirudia. Katika ndoto amekuja akiwa ubao. Sisemi amebeba ubao. Ni ubao, una miguu yake ileile yenye soksi za kijivu, na kando una kifutio kilichoning'inizwa kwa uzi. Unatazama foleni kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Tena," unasema ubao.

Foleni yote inarudi mwanzo. Waliokuwa wamefika chumba cha ndani wanatolewa, vikombe mkononi. Chupa inafurahi, inavuta daftari, inasema leo Mungu ametuletea wageni. M anaulizwa atokako. E anaulizwa mvua.

"Tena. Haraka zaidi."

Wanarudi. Wanakaribishwa. Wanakunywa. Naona vikombe vichafu vimepangwa ukutani mpaka kwenye dari, na nyuma ya hivyo kuna vingine, na nyuma ya hivyo kuna ukuta ambao nao, nikiutazama kwa karibu, ni vikombe. Hiyo ndiyo dawa niliyopewa miaka yote ya shule. Rudia, Mhina. Rudia tena. Wenzangu walirudia wakazoea. Mimi nilirudia vikaongezeka vikombe.

Ubao unanisogelea. Nasimama kwa adabu, mikono nyuma, miaka hamsini na mbili na mvi zangu zote.

"Kichwa maji," unaniambia.

"Ni chai, mwalimu," najibu.

Ubao unafikiri. Kisha unajiandika kwa chaki neno ambalo siwezi kulisoma, unalifuta, unaondoka kwa mlango wa nyuma. Sijui kama nimemjibu vizuri au nimemkosea heshima, na jambo hilo linanisumbua mpaka sasa.

Baraza sasa lina ua wa mabati upande wa kulia. Sikuuona ukijengwa. Nachungulia kwenye tundu la msumari, naona kichwa cha jirani, na mara moja nafahamu ni cha Mwantumu, kwa sababu kimefagiliwa. Nacho kina baraza kama langu, kina foleni kama yangu. M yuko kule pia, kapungua nusu nzima, anatembea kama kijana.

Mapokezi ya kule yamekabidhiwa feni ya mezani. Anapofika mgeni wa mara ya kwanza, feni inasimama, inamgeukia, inamtazama usoni. Anapokuja mara ya pili inamtikisia kichwa bila kusimama. Mara ya tatu haimtazami kabisa. Mgeni anapita na upepo, anaingia ndani, mlango unajifunga.

Nasikia aibu. Mtoto niliyemlea mwenyewe, nikamfundisha kuamkia hata wapita njia, kichwani kwake wageni wanapita kama hewa. Nagonga bati.

"Mbona husalimii watu?" naiuliza feni.

"Huyu tumesalimiana asubuhi," inasema feni, inaendelea kugeuka. "Namjua kwa hatua zake."

"Hata kikombe cha chai?"

"Nikikaa na kila mtu, neno atalishona nani?"

Ndipo natazama nyuma yake. Kuna karakana. Maneno yanatoka mlangoni yakiwa makochi yaliyokamilika, kitambaa kimevutwa vizuri, pini zimejificha, moja linafuata jingine. Nayahesabu, yamefika kumi na mawili. Kwangu, tangu nimefika, halijatoka hata tako moja la kiti. Na ninajua kwamba upande wangu ndio unaofanya kazi zaidi. Feni haijatoa jasho hata tone, na chupa yangu mfuniko unacheza.

Hapo napata hasira, na nikipata hasira huwa nasema na mtu uso kwa uso. Narudi kwa chupa. Naiambia leo saa kumi nina barua ya mwanangu, ya Mwantumu, na kuna wazee wa Mombo watakaokaa wakihesabu mara ngapi nimekwama, na wakifika tatu binti yangu hana mume. Naiomba kitu kimoja tu. M akirudi, iseme tumeshaonana. Basi. Neno moja.

"Tumeshaonana," inajaribu chupa.

"Vizuri. Tena."

Nikishasema tena nasikia vibaya, maana hilo ni neno la ubao. Lakini chupa imekaa sawa, imerekebisha kofia, inasubiri. M anaingia. Anasimama mbele yake, anajitahidi kuonekana kama mtu anayejulikana.

Chupa inamtazama. Inatazama kwa muda mrefu. Naona inavyohangaika, mvuke unatoka pembeni.

"Karibu mgeni," inasema.

Napiga stuli teke. Vikombe vinalia ukuta mzima. Naiuliza chupa ni ukaidi au ni dharau, miaka arobaini na tano mtu mmoja anaingia kwako kila siku na humtambui, huna macho?

"Ninayo," inasema chupa. "Namwona vizuri sana. Lakini kila akija namwona mpya. Siigizi, bwana. Mgeni mpya kabisa ananisimamia mlangoni, nami sijui atokako. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nafikiri. Ningemkaribisha. Ningemuuliza habari za huko mpaka za mbuzi.

"Nisamehe," inasema chupa. "Sijawahi kumfukuza hata mmoja. Wote walifika ndani. Wanachelewa tu."

Nakaa chini kwenye mkeka. Nieleze hapa nilivyojisikia, maana nilijisikia sana. Tangu darasa la tatu nimeamini kwamba ndani humu hamna mtu. Kwamba wenzangu wana kitu kichwani na mimi nina sponji. Kumbe muda wote kulikuwa na mtu, mlango wazi, amekesha, anachemsha chai ya watu elfu bila kupumzika, na mimi nilikuwa namtukana. Niliionea huruma ile chupa mpaka machozi yakanitoka, kisha nikagundua kwamba kichwa ni changu, kwa hiyo najionea huruma mwenyewe, na hilo likanichanganya zaidi.

Napanga kuiomba radhi. Sipati nafasi, kwa sababu mlio unasikika nje. Ni birika la nyumbani kwangu, lile la bati lililobonyea ubavu. Linaingia likifoka mvuke, linaenda moja kwa moja kwenye kigoda. Bahasha inasimama, inarudi nyuma, leso inaanguka.

"Limetumwa na nani?" inauliza bahasha.

Nasema sijui. Nasema uongo hata ndotoni.

"Likinifungua nitasema," inasema bahasha. "Sitamlaumu yeye. Nitakulaumu wewe. Nitawaambia wazee kwamba ulimwacha binti aiharibu posa yake kwa mikono yake ili baba yake mdogo aendelee kuonekana mtangazaji wa redio."

Birika linanitazama, linangoja amri. Mvuke unaifikia bahasha pembeni, gundi inaanza kuinuka. Nanyoosha mkono kulizuia, na mkono unapogusa bati, si baraza tena. Ni sebuleni kwangu.

Wazee wa Mombo wamekaa mstari mmoja kwenye makochi ambayo sijayatia springi, wamezama mpaka shingoni, nyuso zao ndizo zinazoonekana. Ni saa kumi. Bahasha imefunguliwa kihalali, karatasi iko mkononi mwangu. Nyuma ya pazia la chumba cha ndani naona vidole vya miguu vya Mwantumu, vimepakwa hina. Havitikisiki.

Nafungua mdomo. Hakitoki kitu. Nasikia kwa mbali, nyuma ya sikio la kushoto, daftari likifunguliwa.

Mzee wa kwanza anainua kidole kimoja.

Nasubiri. M anaingia mpaka sebuleni, anapita mbele ya wazee akiinama kwa adabu, anaomba radhi kwa unene wake. Mzee wa pili anainua vidole viwili. Namtazama mshenga wao, mzee mfupi mwenye miwani. Naye ananitazama, si kwa ubaya, kama mtu aliyefika nyumba ya watu na hajui kama wenyewe wapo.

"Fundi," anasema. "Mnatukataa, au tusubiri?"

Kumbe ni swali ambalo lina jibu. Halikuwahi kunijia kwamba mtu anaweza kuniuliza hivyo. Nataka kulijibu, mdomo umejaa chai. Naona vidole vya Mwantumu vikigeuka, vinaondoka nyuma ya pazia. Nameza. Nameza tena, chai haiishi, na mzee wa tatu ameanza kunyanyua mkono kutoka ndani ya kochi, polepole, maana ni mzito na nililitengeneza vibaya.

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Barua ilikuwa chini ya mto, imegundika kama ilivyoletwa. Mwantumu alikuwa amesimama mlangoni, kanga begani, birika la bati mkononi, mvuke unatoka. Alikuwa ameniita kwa sauti ya chini, sijui mara ngapi.

"Baba mdogo, maji yamechemka," alisema. "Tufanye haraka, watu hawajaamka."

Niliitoa barua nikaishika. Nilimuuliza kama anajua wakitugundua itakuwaje. Alisema anajua. Nikamuuliza kama kweli anamtaka huyo Hizza. Alitazama chini, akageuza birika kutoka mkono huu kwenda huu. Anamtaka. Ningekuwa kipofu kabisa nisilione hilo.

"Bora barua yangu iharibike," alisema, "kuliko wewe uaibike mbele ya watu wale."

Nimemlea binti huyu miaka kumi na minane na sikujua kwamba nimemfundisha hivyo. Niliona haya kuliko nilivyowahi kuona haya mbele ya ubao wowote. Nikamwambia akae. Nikamwambia kwamba leo, kabla sijaifungua bahasha, nitawaambia wazee wa Mombo kwamba mimi kusoma kwangu ni kwa taratibu sana, tangu shuleni, kwamba nikikwama si kwamba tunakataa, ni kwamba maneno yako njiani yanakuja, na yatafika yote. Wakitaka wasubiri. Kama hawana subira ya karatasi moja, sijui watakuwa na subira gani na mtoto wangu.

Mwantumu alikaa, birika bado mkononi.

"Utawaambia? Kwa mdomo wako?"

"Kwa mdomo wangu. Na hayo maji usiyamwage. Pika chai."

Alisema majani yameisha tangu juzi, hakuna chai iliyopikwa nyumba hii siku mbili. Kisha akasogea, akaweka birika chini, akaniambia nitulie, nina kitu sikioni. La kushoto. Akanipangusa kwa pindo la kanga, akakitazama kitu hicho kiganjani, akakinusa.

Lilikuwa jani la chai. Limelowa, na lilikuwa bado la moto. Lilinukia tangawizi.

Ningeanzia wapi kumweleza? Nilimwambia aende dukani, asinunue pakiti ndogo, achukue ile kubwa.

"Wageni wa Mombo hawazidi tisa, baba mdogo," alisema.

Nilimwambia hao anaowajua yeye ni tisa. Wangu ni wengi, na leo nitampokea kila mmoja.